Mwenye kampuni anapotaka kuiondoa sokoni

Novemba 2013, wenyehisa wadogo wa Rea Vipingo, kampuni ya mkonge yenye mashamba Kilifi, Kibwezi na hata Tanga, waliletewa ofa. REA Trading, iliyokuwa tayari inamiliki zaidi ya nusu ya kampuni, ilitaka kununua hisa zilizobaki kwa Sh40 kila moja, kisha iiondoe kampuni katika Soko la Hisa la Nairobi. Bei sokoni ilikuwa Sh27.50. Nyongeza ya asilimia 45 si haba, na wengi wangetia saini siku hiyohiyo.

Mara Centum, kampuni ya uwekezaji, ikaingia na Sh50. Mnada ukawaka, bei ikapandishwa tena na tena hadi 2015, REA Trading ilipolipa Sh85 baada ya kuafikiana na Centum kwamba itaiuzia zaidi ya ekari 10,000 za ardhi ya Vipingo, Kilifi. Kampuni ya hisa milioni 60, ambayo ofa ya kwanza iliithamini Sh2.4 bilioni, ikawa ya Sh5.1 bilioni.

Mkonge haukurefuka kiasi hicho. Alijitokeza tu mnunuzi wa pili, akaitazama ardhi iliyo kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akaona mji mahali ambapo wengine waliona katani.

Kampuni ndogo kujiondoa sokoni si dhambi. Ada za soko, ukaguzi, matangazo ya matokeo na mikutano ya kila mwaka hugharimu, na faida yake ni ndogo ikiwa hisa hupita wiki nzima bila kuuzwa na kampuni haina mpango wa kuchangisha mtaji mpya. AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyouza hisa zake kwa umma mwaka 2007 kwa Sh10, ilinunuliwa na kampuni ya teknolojia ya Dimension Data mwaka 2013 kwa Sh14, ikaondoka. Dunia haikusimama.

Tatizo liko kwa anayenunua. Mwenyehisa mkuu huketi na wakurugenzi, anajua mashamba yana nini na mwaka ujao umebeba nini. Mtu akinunua mbuzi kwenye gunia, kwa kawaida mnunuzi ndiye asiyejua. Hapa muuzaji ndiye hajamwona mbuzi wake. Tena siku ya kutoa ofa huichagua mnunuzi, na mara nyingi huwa ni siku ambayo bei imelala.

Hata hivyo, kukataa nako kuna bei yake. Mwaka 2018 Seaboard ya Marekani ilitoa Sh40 kwa kila hisa ya Unga Group, kampuni ya kusaga nafaka, kwa nia hiyohiyo ya kuiondoa sokoni. Wenyehisa wa kutosha hawakukubali, ofa ikaanguka. Katika miaka iliyofuata hisa hiyo iliuzwa chini sana ya Sh40. Waliogoma wakitumaini Rea Vipingo ya pili hawakupata Centum yao.

Kwa hiyo anayeshauri kugomea kila ofa anapotosha, sawa na anayeshangilia kila nyongeza. Sheria ya Kenya inataka mshauri huru awaeleze wenyehisa kama bei ni ya haki. Hilo ni jema, lakini halitoshi pale ambapo ardhi imeandikwa vitabuni kwa thamani ya zamani. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ingeagiza kila ofa ya mwenyehisa mkuu iambatane na tathmini mpya ya ardhi na majengo, na uamuzi wa kuondoka sokoni upigiwe kura na wenyehisa wengine bila yeye.

Mpaka hapo, mwenye hisa zake mia mbili na aisome ripoti ya mshauri kabla ya kutia saini, hasa ukurasa wa mali. Mnunuzi akifikisha asilimia 90 ya hisa anazozitaka, sheria humruhusu kuwalazimisha waliosalia wauze.