MVUTAJI HAHITAJI MATUSI YAKO, ANAHITAJI SIKU ZAKO TATU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Ushirika na popote mnaponisoma. Leo sisemi na mvuta sigara. Yeye ameshasemwa vya kutosha. Leo nasema na WEWE usiyevuta.

Wewe unayeziba pua ndugu yako anapoingia kwenye safu. Wewe unayemwambia mbele za watu kwamba ananuka. Wewe unayerusha ujumbe wa "sigara ni haramu" kila Ijumaa. Nikuulize: mwaka huu umemsaidia nani kuacha? Mtaje mmoja tu.

Kuhusu hukumu, tusizungushane. Tumbaku haikuwepo Bara Arabu zama za Mtume (s.a.w.), ililetwa baadaye kutoka Amerika. Ndiyo maana wanachuoni waliotangulia walitofautiana, wapo waliosema ni makuruhu. Madhara yalipobainika, wanachuoni wengi wa zama zetu wakasema ni haramu, na hoja wanayo: Suratul Baqara aya ya 195 inatukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta, walivutishwa moshi wa wenzao.

Hukumu ipo, na mvutaji anaijua. Kinachokosekana ni MTU wa kukaa naye.

Sikiliza kuacha kulivyo. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, na ubongo ukishaizoea, unadai. Mtu akiacha, baada ya saa chache tu dai linaanza: hasira za karibu, kichwa kuuma, usingizi kupaa, mikono kukosa utulivu. Siku ya pili na ya tatu kwa kawaida ndizo ngumu zaidi. Kisha hupungua, na kwa wengi huwa yametulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Na kila wimbi la hamu ni fupi: linapanda, linashuka, ndani ya dakika chache.

Dakika chache! Hizo ndizo zinazomwangusha ndugu yako. Anakutana nazo asubuhi ya ukungu na baridi ya Rungwe, amejikunyata juu ya bodaboda akisubiri abiria, na mwenzake wa kijiweni anamnyooshea sigara: "Pasha mwili moto, moja tu." Wewe saa hiyo uko wapi? Umeshaweka hadithi kwenye statasi, umemaliza kazi!

Usiniambie, "Angekuwa na imani angeacha." Mbona Ramadhani anakaa kuanzia alfajiri hadi magharibi bila pafu hata moja? Imani anayo. Tena izingatie Ramadhani yenyewe: hafungi peke yake. Nyumba imefunga, msikiti umefunga, Muislamu mwenzake hamnyooshei sigara mchana. Jua likizama kila mtu anashika njia yake, na yeye anaachwa na kiberiti chake. Mchana alishikwa na nia yake pamoja na JAMAA. Usiku tukamwondolea jamaa, kisha tukaja kuilaumu nia.

Katika Sahihi Bukhari, Umar (r.a.) anasimulia habari za mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kunywa pombe, zaidi ya mara moja. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Huyo ni mnywaji wa pombe! Wewe ruhusa ya kumdhalilisha mvuta sigara umeipata wapi?

Na yule aliyeua watu 100, kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni hakumwambia atubu tu, bali alimwelekeza auhame mji wake wa uovu, aende kwa watu wema akamwabudu Allah pamoja nao. Toba ilihitaji WENZA. Na Suratul Asr haikuishia kwenye imani na matendo mema, imetaja kuusiana subira. Kuusiana ni kazi ya wawili na zaidi.

Nanyi watu wa Rungwe, hili si geni kwenu. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja wakijenga na kuishi pamoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alitoa kitabu juu ya vijiji hivyo mwaka 1951, na neno alilolipa uzito ni ukwangala, kukaa vizuri na wenzako. Mbona katika kuvuta ukwangala upo, katika kuacha haupo?

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, mtu akinuia kuacha, watu watatu wajitolee, na mmoja wao awe aliyewahi kuvuta akaacha. Huyo anaijua njia.

Pili, siku tatu za mwanzo mgawane saa zake ngumu: baada ya chai, baada ya chakula, baada ya futari. Simu iwe wazi. Akipiga, usimpe hotuba. Tembea naye, mpe maji, mpe mswaki atafune, mpaka wimbi lipite.

Tatu, mpeni kijiwe kingine. Huwezi kumwambia ahame kwa marafiki wa moshi huku wewe kwako umefunga mlango.

Nne, hasira zake za wiki hiyo zivumilie. Mke wake na watoto waelezwe mapema. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au maradhi mengine aende hospitali akapate ushauri.

Tano, akianguka, usimcheke. Muulize ni saa ngapi na mahali gani, kesho mkae naye hapo hapo.

Ewe ndugu yangu, kabla hujasambaza ujumbe huu, mpigie simu mmoja unayemjua. Mwambie: "Siku ukiamua, siku tatu za kwanza ni zangu."

Ewe Mola wetu, wape nguvu wanaotaka kuacha, na utuepushe kuwa wasaidizi wa shetani juu ya ndugu zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.