Waraka wa Wazi: Tuambieni Gharama ya Kumtunza Mzazi

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

YAH: MAKAZI YA WAZEE NA GHARAMA ZAKE

Ndugu Katibu Mkuu,



Mama yangu ana miaka 81. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na maneno yakampotea. Kumgeuza kitandani kunataka watu wawili, na usiku inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya mgongo. Mimi na mdogo wangu tunakwenda kazini. Dada wa tatu tuliyemwajiri ameondoka mwezi uliopita akilalamika kiuno. Simlaumu.

Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alinipokea kwa heshima na kunieleza ukweli. Makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga au Fungafunga Morogoro, ni ya wazee wasiojiweza, wasio na ndugu wa kuwatunza. Mzee wa humo halipi. Baadhi ya makazi hayo yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na hadi leo kazi yake ni kumpokea asiye na pa kwenda. "Mama yako ana watoto," akaniambia. Ni kweli, na sitaki mama alalie kitanda cha mzee asiye na mtu.

Basi nikatafuta nyumba ya kulipia. Niliyoelekezwa ilikuwa safi, imefagiliwa, mashuka yameanikwa juani. Nilipouliza gharama, nilichaniwa nusu ukurasa wa daftari: kiasi cha mwezi, na chini yake, "pampasi na dawa juu yenu." Mkataba haukuwepo. Nikauliza: usiku wanabaki wahudumu wangapi? Yupo muuguzi? Mama akizidiwa, nani anampeleka hospitali, na kwa gari la nani? Nikimtoa katikati ya mwezi, fedha iliyobaki inarudi? Kila swali lilipata jibu moja: "Tutaelewana." Mama hawezi kusema kwamba jana usiku hakugeuzwa. Kwa mtu kama yeye, "tutaelewana" si ulinzi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo mhimili wa matunzo, na makazi ni hatua ya mwisho. Nakubaliana nayo. Lakini hatua ya mwisho nayo inahitaji utaratibu, kwa sababu anayeifikia amekwishachoka na hana muda wa kubahatisha. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea. Wengi wao ni kama mama yangu, aliyetusomesha kwa kuuza vitumbua, na muuza vitumbua hastaafu na kiinua mgongo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee waliofikisha miaka 70 pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haitoshi kulipia makazi, ila inanunua sabuni na pampasi. Huku Bara mzigo wote unabaki kwa watoto, na watoto hawaambiwi mzigo wenyewe una uzito gani.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, orodha ya nyumba za wazee zilizosajiliwa, za bure na za kulipia, ibandikwe kila ofisi ya kata.

Pili, kila nyumba ya kulipia itoe mkataba wa maandishi unaotaja bei, kilichomo ndani ya bei, kisichomo, idadi ya wahudumu wa usiku, na haki ya mzee kuondoka.

Tatu, maafisa wenu wazikague nyumba hizo bila kutoa taarifa, hasa usiku, na matokeo yasomwe na wananchi.

Wapo watakaosema nimemchoka mama. Aliyenibeba mgongoni alfajiri huku ameshika chungu cha unga wa vitumbua sijamchoka. Natafuta mikono ya kumgeuza usiku, na niko tayari kuilipia. Tuwekeeni bei na masharti mahali tunapoweza kuyasoma, kabla mzazi mwingine hajakabidhiwa kwa watu wasiojulikana kwa makubaliano ya mdomo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtoto wa muuza vitumbua,
Temeke, Dar es Salaam.