Ipole Haikujengwa kwa Mawe

Wako miongoni mwetu, wana wa mwambao, wanaodhani kwamba historia haina budi iwe na gofu. Pasipo msikiti wa mawe, mlango wa nakshi wala kaburi lenye maandishi, husema: hapa hapana kitu. Kwa mizani hiyo Ipole, wilayani Sikonge, kusini ya Tabora, ni njia panda tu, zinapoachana gari za Mpanda na za Mbeya.

Mizani hiyo ni mbovu.

Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia iliyonyooka baina ya Unyanyembe na Ujiji, misafara ilizunguka kusini, ikakata misitu ya Ugunda na Ukonongo. Stanley alipita pande hizo, akaandika. Na kwa kuwa aliandika, twamjua. Kule Kwihara, tembe alimokaa na Livingstone mwaka 1872 limehifadhiwa. Je, Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita zipatazo 1,200, amehifadhiwa wapi?

Pembe alizozitua pwani ziliitajirisha Unguja. Kiswahili tunachojivunia nacho hakikwenda bara kwa midomo ya matajiri peke yao. Wapagazi walikibeba pamoja na mizigo, wakakitua kila kambi. Leo mtunzi wa kisiwani anasomwa Tabora bila mkalimani, wala hamkumbuki aliyemfyekea njia. Na kwa njia hiyo hiyo walipitishwa watu katika minyororo. Wimbo wa kuisifu misafara usio na machozi yao ni uongo.

Watauliza: historia isiyo na mawe itahifadhiwa vipi? Itahifadhiwa kwa kusikiliza. Nyumba ya miti na udongo huliwa na mvua na mchwa, lakini majina ya mito na ya waliotangulia kufyeka miombo hukaa vinywani. Kadhalika elimu ya kurina asali, na ya kuchagua mti wa kutoa gome la mzinga. Elimu hiyo haina gofu la kuachwa nyuma. Mzee akizikwa, imezikwa naye.

Asiyekujua hakuthamini, nasi hatujataka kujua. Tumeyasifu majahazi kwa beti zisizo na idadi. Mabega yaliyoyajaza majahazi hayo tumeyatungia ngapi? Wenye kalamu na wafunge safari ya bara wangali hai wa kuulizwa, na safari hii waende kama wanafunzi.