Mama Nani? Jina la Mwanamke Asiye na Mtoto



Sisi tuliotoka visiwani tukaolewa Kibaigwa tumeshazoea mengi. Tumezoea baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba, ugali kwa mlenda, na ngurumo za malori ya mahindi yanayoingia na kutoka sokoni. Tusilolizoea ni swali moja: "Wewe Mama nani?"

Mke wa mtu haitwi kwa jina lake. Sokoni, kisimani, msikitini, yeye ni Mama Fulani. Ukijibu kwa jina ulilopewa na wazazi wako, anayeuliza husita kidogo, kisha husema, "Inshaallah, Mungu atakupa." Ni dua, na tunaitikia amina. Lakini dua ikiletwa kila siku kwa sauti ya pole, nayo huelemea.

Kwenye akika ndiko kunakouma zaidi. Tunakwenda na kanga na sabuni kama wenzetu. Wao wanakaa mkekani, mazungumzo ni uchungu wa uzazi, kliniki na madrasa. Sisi tunapelekwa jikoni kwenye sufuria la pilau, kwa kuwa "nyinyi hamna mtoto wa kuwalilia". Kichanga hupitishwa mkono kwa mkono, na kikikaribia kwetu mtu hukumbuka kuwa kina usingizi. Hakuna anayetamka neno jicho, lakini tunalisikia.

Tusieleweke vibaya. Kuzaa ni neema kubwa, na sisi wenyewe tunaiomba usiku watu wamelala. Tunachokataa ni kumfanya asiyezaa kuwa mgeni katika jamaa yake.

Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, Allah anatueleza kwamba Yeye ndiye humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia, na amtakaye humjaalia kuwa tasa. Yote manne yametajwa pamoja kuwa ni matakwa Yake. Basi kwa nini sisi tulitenge hilo la nne na kuliita mkosi?

Tumtazame Mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Hakuzaa. Alipomwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba wenzake wote wana majina ya kuitwa kwa watoto wao, Mtume hakumwambia asubiri azae. Alimpa jina hapo hapo: Ummu Abdillah, kwa mtoto wa dada yake Asma, Abdullah bin Zubeir. Na Kiswahili chetu kinakubaliana na hilo: mtoto wa dada yako hukuita mama mdogo. Umama huo tunao tayari, ila watu hawauhesabu.

Kwenu mabibi harusi, tuna neno la kidada. Kabla ya singo na hina, zungumzeni na mchumba jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la uzazi maishani. Si jambo la mwanamke peke yake. Mwanamume naye huwa na sababu. Hata hivyo, mara nyingi mke ndiye anayezungushwa kwa waganga, na mume hajapimwa hata siku moja. Kubalianeni mapema kwamba mkichelewa kupata mtoto mtakwenda hospitali wote wawili, na kwamba mama mkwe na mawifi wakiuliza, mume ndiye atakayejibu. Mume asiyeweza kusema "Mama, hili ni letu sote" humwacha mkewe peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Nanyi mliojaaliwa, hatuombi makubwa. Kwenye akika ijayo, mwiteni shoga yenu atoke jikoni akae mkekani, na mpeni kichanga akipakate. Jirani yetu mmoja hapa Kibaigwa alianza kumwita mwenzetu kwa jina la mtoto wa dada yake, na sasa mtaa mzima unamwita hivyo. Siku ya kwanza aliitika huku analia.

Allah awape wanaoomba, awape subira wanaosubiri, na atupe sote ndimi za upole. Amin.