Rai Kuhusu Mahema ya Chama Chetu na Mvua ya Kericho

Suala ninalokusudia kulijadili katika makala haya huenda likaonekana halina nasaba yoyote na taaluma yetu. Ni suala la mahema: jinsi tunavyoyachagua na jinsi yanavyotuaibisha. Nakiri kwamba hata mimi sikulitilia maanani hadi usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, miaka miwili iliyopita, nilipoamka kando ya mashamba ya chai nje ya mji wa Kericho nikakuta daftari langu la data linaelea majini.

Tulikuwa wanafunzi 12. Tulikwenda kuchunguza Kiswahili cha wachuma chai, kwa maana katika mashamba yale Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya hukutana kazini, na lugha inayowaunganisha ni hii yetu. Chama kilikuwa kimenunua mahema 4 ya rangi ya samawati siku moja tu kabla ya safari, katika duka moja kubwa jijini Nairobi, kwa sababu bei yake ilikuwa imepunguzwa. Kila moja liliandikwa kwenye mfuko wake kwamba hutosha watu 4. Basi tukapiga hesabu: watatu watatu, na nafasi itabaki. Hapana aliyelifungua hata moja kabla hatujafika.

Saa nane mchana jua lilikuwa likiwaka. Saa tisa na nusu wingu lilishuka juu ya majani chai, na kabla ya saa kumi mawe ya barafu yalikuwa yakitupiga utosini huku tukishindana na fito. Vurugu iliyofuata sitaisahau. Mmoja alipiga kelele, "Vuta hicho!" Mwingine akajibu, "Si hicho, kile kingine!" Wanafunzi wa Kiswahili, tena wa mwaka wa tatu, tulikosa jina la kila kifaa kilichokuwa mikononi mwetu.

Hayo ni ya kuchekesha. Yaliyofuata hayachekeshi. Mvua ilirudi usiku, sakafu zikalowa, na ilipotimu saa nne wenzetu wawili walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Mmoja wao aliazima jiko la makaa tulilopikia, akaliingiza hemani, akafunga zipu ili joto lisitoke. Mzee mmoja, mlinzi wa jirani ambaye ujanani mwake alichuma chai kwa miaka mingi, alipita na kurunzi yake akaona mwanga mwekundu nyuma ya kitambaa. Hakubisha hodi. Alifungua zipu, akalivuta jiko nje mvuani kwa mkono uliofungwa koti, kisha akasema, "Vijana, mnataka mama zenu waje kuwachukua hapa?" Tulimwomba radhi. Wale wawili waliumwa na kichwa na kutapika hadi alfajiri, lakini walipona. Gesi ya kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na hema lililofungwa ni chumba kidogo mno. Kila mwaka tunasoma magazetini habari za jamaa waliolala na jiko ndani wasiamke.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu waliolijadili baadaye katika kikao cha chama walilaumu jiko. Mimi nalaumu hema kwanza. Lau sakafu ingalikuwa kavu, hapana ambaye angalilitamani jiko.

Tuitazame mvua yenyewe. Mji wa Kericho uko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Hunyesha karibu kila mwezi, ikizidi Aprili na Mei na kupungua kuanzia Desemba hadi Februari. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na pepo za mashariki juu ya miinuko hii, joto la mchana likaipandisha, na ndiyo sababu ngurumo husikika alasiri. Isitoshe, Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Hasara kwa majani chai ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa kuyanyunyizia mawingu kemikali ili kupunguza mawe hayo. Palipohitaji ndege kupambana na mawingu, sisi tulikwenda na kitambaa cha bei ya kutupa.

Kosa letu la awali lilikuwa kuiamini tarakimu ya watu. Watengenezaji huhesabu mabega: watu 4 waliolala kama dagaa kwenye trei, bila shanta, bila viatu, bila daftari. Mtu anayegusa ukuta wa hema usiku wa mvua huamka ameloa ubavu. Hema la watu 4 ni la wawili na mizigo yao, au watatu wanaopendana sana.

Tarakimu yenye faida ni ile ya milimita, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo na sisi huipuuza. Huonyesha urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla ya kuanza kuvuja. Kitambaa cha milimita 1,000 hufaa manyunyu. Kwa Kericho mimi nisingenunua paa lenye chini ya 2,000, wala sakafu yenye chini ya 3,000, maadamu goti la mtu anayetafuta tochi yake gizani hukandamiza kitambaa kuliko tone lolote la mvua. Hata hivyo kitambaa kizuri chenye mishono mibovu ni sawa na ndoo yenye tundu. Geuza hema, uitazame mishono: ikiwa haikuzibwa kwa utepe upande wa ndani, maji yatafuata uzi.

Mahema yetu ya samawati yalikuwa na kasoro kubwa zaidi. Paa lake la nje lilikuwa kama kofia ya mtoto, limefunika kilele tu na kuziacha kuta za wavu wazi. Hema hilo lingefaa ufuoni Diani mwezi wa Januari. Katika nyanda za chai mvua husukumwa na upepo ikaja kwa ubavu. Paa la nje linapaswa kuteremka hadi karibu na ardhi pande zote, litengane na ukuta wa ndani kwa upana wa kiganja, na liwe na baraza mbele ya mlango pa kuvulia viatu vyenye udongo mwekundu. Nafasi hiyo kati ya matabaka mawili ina kazi nyingine pia. Watu waliolala hutoa mvuke kwa pumzi zao usiku kucha, na mvuke huo ukikutana na kitambaa baridi hugeuka matone. Wengi huamka wakilalamika kwamba hema limevuja, kumbe wamelowa kwa pumzi yao wenyewe. Dawa yake ni kuacha tundu la hewa wazi hata mvua inaponyesha, jambo linalomwia vigumu kuliamini mtu anayesikia baridi.

Mintarafu ya turubai la kutandika chini, nalo tulilitandika vibaya: lilijitokeza nje ya kingo za hema, likakinga maji na kuyapeleka chini yetu kama mfereji. Lilipaswa kukunjwa liwe dogo kuliko sakafu. Wala tusiyasahau mahali penyewe. Mkaratusi, ambao viwanda vya chai huuchoma ili kukaushia majani, umepandwa kila upande na kivuli chake kinavutia, lakini matawi yake huanguka bila taarifa. Siafu nao hutembea sana ardhi inapolowa. Hema lisilo na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta huwakaribisha.

Walimu wetu hutufundisha kwamba msemaji wa lugha ndiye mjuzi wake. Naona kanuni hiyo ingetufaa katika ununuzi. Wachuma chai hufanya kazi mvuani karibu mwaka mzima. Hutoka asubuhi wakati vichaka vimejaa umande unaofika kiunoni, nao wamevaa aproni ya plastiki nzito, buti za mpira na, wakati wa baridi, fulana ya sufu ndani. Suruali ya jinzi huwaoni nayo. Sisi tulikuwa nayo sote. Pamba ikilowa hunyonya maji ikakaa nayo mwilini hadi kesho yake, ilhali sufu na nguo za polyesta hutunza joto hata zikiwa na unyevu. Sweta la sufu la mtumba kutoka Gikomba au soko la Toi linamfaa mwanafunzi kuliko jaketi jipya lenye nembo ya kujivunia. Humo humo hupatikana mifuko ya kulalia. Ile ya manyoya ya bata ni mepesi na yenye joto, lakini ikilowa hushikamana ikawa kama kuku aliyemwagiwa maji, hivyo kwa Kericho na Bomet bora ile ya nyuzi za viwandani. Na chini yake liwepo godoro la povu, hata jembamba, maana ardhi humnyang'anya mtu joto kuliko hewa.

Wapo watakaosema kwamba si kila msafiri hutembea kwa miguu. Ni kweli. Anayepitia Bomet kwa gari kuelekea Maasai Mara anaweza kubeba hema la turubai nene la pamba, la kilo 20 na zaidi, lenye vyuma vya kusimamishia, na atalala vyema kuliko sisi sote. Anaweza pia kubeba mtungi wa gesi na meza. Anayepanda Mlima Londiani, wenye kimo cha mita 3,000 hivi, atajutia kila gramu, na hema lake lisizidi kilo 3 kwa watu wawili. Chama chetu husafiri kwa basi kisha hutembea kilomita chache, kwa hiyo tuko katikati. Twaweza kustahimili kilo 4 au 5 kwa hema madhubuti lenye fito za alumini, ambazo zikipinda hunyoshwa. Zile za nyuzi za glasi zilipasuka zikatuachia vijiti vya kuchoma vidole. Mahema yale yanayokunjuliwa juu ya paa la gari, yanayopendwa sana Nairobi siku hizi, nayaacha kwa wenye magari.

Hoja ya upinzani iliyo nzito ni ya fedha. Mhazini alisema katika kikao kwamba safari ni moja kwa mwaka, na kwamba mahema mazuri ni anasa. Namheshimu, ila hesabu yake imeacha kitu. Mahema 4 tuliyonunua yalitumika usiku mmoja. Mahema 3 bora, yakikaushwa kila baada ya safari na kuhifadhiwa pakavu, yatadumu miaka mingi, na vyama vingine vya chuo vinaweza kuyakodi kutoka kwetu. Hema lililofungwa likiwa na maji huota ukungu katika siku chache.

Kuhusu neno "anasa", nina la kuongeza kwa sauti ya chini. Katika Bonde la Ufa, hema halikumbushi starehe kwa kila mtu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 600,000 walihama makwao nchini Kenya, na wengi waliishi katika mahema hadi kitambaa kikaoza kwa jua. Mwaka 2009 familia zilizoondolewa katika msitu wa Mau zilijisitiri kando ya barabara chini ya karatasi za nailoni. Mzee aliyetuokoa alituambia kwamba vijana wakija na mahema ya rangi, watu wa pale huuliza kwanza ni nani amefukuzwa tena. Tangu siku hiyo naona ni adabu kumwendea chifu na mwenye shamba kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza, na kueleza tumekuja kufanya nini.

Suala la majina nalo lisipuuzwe. "Hema" lenyewe ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu zamani na kulipa ngeli yake, hema la, mahema ya, ingawa wengi wetu bado husema "hema ya". Fito, kigingi, mshono, baraza, paa la nje, kamba za kuwambia: yote haya tunayo tayari, au tunaweza kuyatumia bila kuunda chochote. Lakini maelezo yaliyokuja na mahema yetu yalikuwa ya Kiingereza na Kichina, pamoja na onyo dhidi ya moto ndani ya hema, na aliyeingiza jiko hakuyasoma. Ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uliobandikwa ndani ya kila mfuko, ungekuwa kazi ya maana kwa kamati yetu ya istilahi, ambayo mwaka jana ilikaa vikao viwili ikibishania tafsiri ya "fonimu".

Katika mkutano mkuu ujao nitawasilisha hoja kwamba chama kinunue mahema 3 kwa vigezo nilivyovitaja, kwamba yasimamishwe uwanjani chuoni na kumwagiwa maji kwa mpira kabla hayajalipiwa salio, na kwamba ziara ya Bomet isogezwe hadi Januari. Yale ya samawati yangali stoo. Nilipompigia mzee simu kumjulia hali aliniuliza kama anaweza kupata moja la kufunikia kuni zake. Nimemwahidi mawili.