Ugomvi wa Mlangoni

Historia ya Mto Ruvuma iliyoandikwa imerundikana sehemu moja: pale mto unapokutana na Bahari ya Hindi. Madola manne yamewahi kuzozania kipande hicho cha pwani kati ya Msimbati na Rasi ya Delgado, na kila mzozo ulizaa nyaraka zake. Huko juu, mtu anaweza kupita mwendo wa siku nyingi kandokando ya mto bila kufika mahali ambapo mwanahistoria amewahi kupauliza swali. Toleo hili tumelikusudia kuinyoosha mizani hiyo, na nataka kueleza kwa nini naona mizani ilipinda tangu mwanzo.

Mto una urefu wa kilomita 800 hivi. Chimbuko lake ni milima ya Matogoro, jirani na Songea. Kwanza unaelekea magharibi na kusini kana kwamba unalitafuta Ziwa Nyasa, halafu unageuka na kushika njia ndefu ya mashariki. Kutoka kusini unapokea mito ya Msinje na Lugenda. Sehemu za chini ni pana, zimejaa mafungu ya mchanga na visiwa, na mkondo huhama kila masika. Kiangazi kikikolea kuna mahali watu huvuka kwa miguu, ilimradi mamba wawe wamelala.

David Livingstone aliujaribu mwaka 1861 kwa meli ya Pioneer. Alitaka njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupitia Zambezi, kwa Wareno. Maji yakaanza kupungua, akageuza kabla hajafika mbali. Akarudi 1862 na mashua ndogo, pamoja na John Kirk, na safari hiyo ikazuiwa na miamba. Kwa hiyo ilikwishajulikana Ulaya kwamba Ruvuma si njia ya meli. Hilo halikumzuia mtu.

Mwishoni mwa Oktoba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba pwani ya Sultani wa Zanzibar inaanzia Mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, kusini mwa mlango wa Ruvuma. Haikupita hata miezi mitatu, tarehe 30 Desemba, Ujerumani hiyohiyo ikaandikiana na Ureno kwamba mpaka wao ni Ruvuma. Tungi ya Sultani Barghash ikajikuta ndani ya mali iliyogawiwa wengine. Mwanzoni mwa 1887 Wareno waliipiga mizinga na kuichukua. Mwaka 1894 Wajerumani nao waliishika Kionga, kusini mwa mto, wakidai kwamba haki za Ureno zinaishia Rasi ya Delgado. Wareno waliirudisha mikononi mwao Aprili 1916, na 1919 washindi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaithibitisha kuwa yao. Miaka thelathini na kitu ya kugombea mlango wa nyumba ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuingia ndani yake.

Nadhani hapo ndipo penye siri. Nguvu za dola wakati ule zilipimwa kwa forodha na kwa bendera inayoonekana kutoka baharini, na vyote viwili hukaa pwani. Angalia makubaliano yale ya Desemba 1886 yanavyosema juu ya bara: mpaka unafuata mto hadi unapoingia Msinje, kisha unakwenda moja kwa moja magharibi kwa mstari wa latitudo mpaka ziwani. Mstari ule ulionyooka ndio ungamo lao kwamba huko hawakujua kuna nini. Hata swali la visiwa vya mtoni ni vya nani lilikuwa bado likijadiliwa kwa barua kati ya Uingereza na Ureno mwaka 1936 na 1937, nusu karne baadaye.

Walioishi huko hawakuusubiri mjadala uishe. Misafara ya Wayao wa chifu Mataka ilikuwa ikishuka pwani tangu kabla ya ramani. Baada ya vita vya Maji Maji wako waliokimbilia ng'ambo ya kusini. Baadaye Wamakonde wa Mueda wakavuka kwenda kaskazini kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Novemba 1917 jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck alivuka karibu na maungano ya Lugenda, akawapiga Wareno Negomano na kujitwalia silaha na chakula chao. Kuanzia 1964 wapiganaji wa FRELIMO walivuka wakielekea kusini, na wakimbizi kaskazini. Matukio yote haya ni ya bara, na si machache kati yake ambayo yanajulikana zaidi kwa kusimuliwa kuliko kwa kusomwa.

Daraja la Umoja, mita 720 kati ya Mtambaswala na Negomano, lilifunguliwa Mei 2010, na wazo lake ni la zama za Nyerere na Samora Machel. Mwaka huohuo ikagunduliwa gesi nyingi baharini nje ya Palma, na macho ya dunia yakarudi palepale mlangoni. Yalipofuata mashambulizi ya waasi, Kitaya Oktoba 2020 na Palma Machi 2021, habari nyingi nilizosoma zilishughulika na mitambo ya gesi kwanza, waliokuwa wakivuka mto kuokoa roho zao baadaye.

Kwa sababu hiyo tumepanga makala kufuata maji: zinaanzia Matogoro, zinapita Mitomoni, Tunduru na Negomano, zinashuka hadi mabonde ya mpunga. Mmoja wa waandishi wetu hakubaliani nami. Anashikilia kwamba bila forodha za pwani misafara ya Wayao haielezeki. Ana hoja, na nimemwachia nafasi ndefu. Makala ya Kionga iko moja tu, na nimeiweka mwisho.