Bwawa la samaki uani: Uzio kwanza, vifaranga baadaye

Samaki wamekuwa kitoweo cha kupigiwa hesabu katika nyumba nyingi. Mama anayekwenda sokoni na fedha ya siku hiyo hupima kati ya fungu la dagaa, robo ya nyama na mboga za majani, na mara nyingi mboga ndizo zinazoshinda. Ndiyo maana familia zenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba huulizana kama shimo la mita chache, maji na vifaranga vya samaki vinaweza kuleta kitoweo mezani bila kuingia kwenye mkopo.

Jibu ni kwamba inawezekana, hata kwa kipato kidogo. Kinachotakiwa ni kujua mahali pa kubana fedha na mahali pasipobanwa. Bwawa linaweza kuchimbwa kwa jembe la nyumbani na kulishwa kwa vyakula vya mtaani, lakini haliwezi kukaa uani bila uzio kwa sababu hela imeisha.

Sababu ya kulitamani ipo wazi. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Samaki ana protini, madini ya zinki na vitamini B12, na mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kulishwa samaki aliyepondwa vizuri na kutolewa miiba yote.

Upande wa pili una uzito uleule. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, mtoto yuleyule anayechimbiwa bwawa ili akue vizuri ndiye bwawa hilo linaloweza kumdhuru kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba.

Hesabu kabla ya jembe

Bwawa la kuanzia halihitaji kuwa kubwa. Chukua mfano wa shimo lenye urefu wa mita tatu, upana wa mita mbili na kina cha sentimita 80. Maji yakijazwa hadi sentimita 70, bwawa hilo litabeba takriban lita 4,200, sawa na madumu 210 ya lita 20. Familia inayonunua maji kwa dumu inapaswa kuzidisha bei ya dumu moja mara 210 kabla ya kushika jembe, kwa sababu hapo ndipo bajeti nyingi zinaweza kuvunjika mapema.

Mvua hupunguza gharama hiyo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 30 likipata milimita 50 hutoa hadi lita 1,500, kabla ya kuondoa zinazopotea njiani. Mfereji wa bati na ndoo chache vinaweza kujaza sehemu kubwa ya bwawa katika msimu wa masika.

Hatua inayofuata ni kupima udongo, nayo haigharimu kitu. Chimba shimo dogo, chukua udongo wa chini, ulowanishe kidogo na kuufinyanga tonge. Tonge likishikana vizuri bila kumeguka, kuna dalili ya mfinyanzi. Kisha jaza maji kwenye shimo hilo jioni, liongeze tena asubuhi, na uangalie jioni ya siku ya pili. Kama maji mengi bado yapo, bwawa linaweza kufanyika bila kutandikwa nailoni. Kama yamekauka, kama inavyotokea kwenye mchanga wa maeneo mengi ya Pwani, nailoni nzito au turubai lisilovuja ni lazima.

Kwa shimo la mfano wetu, turubai linatakiwa liwe na urefu wa takriban mita 5.6 na upana wa mita 4.6. Hesabu yake ni urefu wa shimo, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza mita moja ya kukunjia kingoni. Upana hufuata hesabu hiyohiyo. Chini yake toa mawe na mizizi yote, tandika magunia ya zamani au mchanga laini, kwani tundu moja la jiwe linaweza kumaliza maji ya wiki nzima.

Udongo uliochimbwa usitupwe. Ukishindiliwa pembeni unakuwa tuta la kuzuia maji ya mvua yasiingie na takataka za uani, na kadiri tuta linavyoinuka ndivyo uchimbaji unavyopungua. Mahali pazuri ni penye jua la kutosha, palipo juu ya mteremko na mbali na choo au shimo la maji machafu. Pia pawe panaonekana kutoka jikoni, mahali ambapo mtu mzima huwapo mara nyingi mchana.

Wanaofikiria kutumia pipa kuukuu au tangi lililopasuka badala ya kuchimba wanaweza kufanya hivyo, mradi chombo hicho hakijawahi kubeba dawa za kuulia wadudu, mafuta au kemikali za kiwandani. Harufu ikiisha haina maana kwamba sumu imeisha.

Shimo la nusu ni baya kuliko bwawa

Kosa la gharama kubwa ni kuchimba leo na kusubiri hela ya turubai mwezi ujao. Mvua ikinyesha, shimo hilo linajaa, halina uzio, halina samaki, na hakuna anayelihesabu kama bwawa. Kwa mtoto wa miaka miwili ni mahali pa kuzama. Kwa mbu ni mahali pa kutagia, maana katika hali ya joto yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili.

Kwa hiyo fedha zikusanywe kwanza, hata kama ni kwa mchezo wa kupeana au kibubu, hadi zitoshe vitu vitatu kwa pamoja: uzio, turubai na vifaranga. Uchimbaji uwe wa mwisho. Kama hela imepungua, punguza ukubwa wa bwawa. Mita mbili kwa mita moja na nusu zenye uzio ni bora kuliko mita sita kwa nne zilizo wazi.

Uzio wenyewe si lazima uwe wa matofali. Mianzi, mabanzi au fito zilizosimamishwa wima na kufungwa imara zinatosha, zikiwa na urefu usiopungua mita 1.2 na nafasi ambazo kichwa cha mtoto hakipiti. Fito za kulala ziwekwe upande wa ndani, kwa sababu zikikaa nje zinakuwa ngazi ya kupandia. Mlango ujifunge wenyewe, kwa mfano kwa kamba yenye jiwe la kuuvuta, na komeo liwe juu ambapo mkono wa mtoto haufiki. Ndoo, viti na matairi yasiachwe karibu na uzio.

Turubai lililolowa linateleza, kiasi kwamba hata mtu mzima anaweza kushindwa kutoka. Kamba nene yenye mafundo, iliyofungwa kwenye nguzo na kuning'inizwa ndani ya maji, ni msaada wa bei ndogo. Wavu juu ya maji nao huzuia ndege na kenge, ila usihesabiwe kuwa mbadala wa uzio. Na kamwe chandarua chenye dawa kisitumike hapo, kwani dawa zinazotiwa kwenye vyandarua ni sumu kali kwa samaki. Chandarua kibaki kitandani.

Kuzama kwa mtoto mara nyingi hakuna kelele. Haiti wala hapigi maji kama inavyooneshwa kwenye filamu. Mtoto asipoonekana kwa ghafla, bwawani ndipo pa kwanza kutazamwa, kabla ya kwa jirani. Akitolewa majini na hapumui, aanze kupewa pumzi mdomoni na kubonyezwa kifua papo hapo huku mtu mwingine akiita msaada. Asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo ili kutoa maji, maana dakika zinazopotea hapo ndizo za kumwokoa. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Samaki gani, na wangapi

Chaguo la kawaida ni perege, sato au kambale. Perege na sato hula mimea ya majini, pumba na pia viluwiluwi vya mbu, lakini huzaana haraka. Bwawa dogo likijaa watoto wao, wote hudumaa, ndiyo maana vifaranga vya jinsi moja, yaani madume, vinapendelewa. Kambale huvumilia maji yenye hewa kidogo kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, na kwa kawaida hazaani mwenyewe bwawani. Ubaya wake ni kwamba mkubwa humla mdogo, hivyo vifaranga viwe vya saizi moja.

Kwa bwawa la mfano wetu, lisilo na pampu ya hewa, perege 15 au kambale 30 wanatosha. Kishawishi cha kuweka 200 kipingwe, kwani msongamano huleta vifo na harufu. Sehemu zenye baridi kama nyanda za juu, samaki hawa hukua polepole zaidi, kwa hiyo matarajio yapunguzwe. Vifaranga vinunuliwe mahali panapoaminika, kama kituo cha serikali cha Kingolwira mkoani Morogoro, na afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kuhusu kituo cha karibu na utaratibu wa eneo husika.

Maji ya bomba yaachwe wazi siku mbili hadi tatu ili klorini iondoke kabla ya kuweka samaki. Maji ya mto au ziwa yachujwe kwa kitambaa ili konokono wasiingie, kwa sababu konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Watoto wasiogelee humo, na hakuna anayeruhusiwa kukojoa humo. Majani ya kingoni yafyekwe kila wiki, kwa vile viluwiluwi hujificha mahali ambapo samaki hawafiki. Wiki mbili zisipite bwawa likiwa na maji bila samaki.

Chakula na mavuno bila kujidanganya

Chakula ndicho kinachokula fedha kila siku. Pumba za mahindi au mpunga, mashudu ya alizeti na unga wa dagaa vinaweza kuchanganywa nyumbani. Minyoo na funza waliofugwa huongeza protini kwa kambale. Mahindi yenye ukungu yasitumike kwa kisingizio kwamba ni ya samaki tu, kwa kuwa sumukuvu hudhuru samaki pia. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 15. Kinachobaki huoza, na maji yakioza samaki huonekana alfajiri wakitweta juu ya maji. Hapo ulishaji usimame, na robo ya maji ibadilishwe. Yanayotolewa ni mbolea nzuri kwa migomba na matembele.

Sasa mavuno. Tuseme kati ya kambale 30 wamebaki 24, na baada ya miezi sita hadi minane kila mmoja ana nusu kilo. Hizo ni kilo 12. Kila kilo ya samaki inahitaji kati ya kilo moja na mbili za chakula kizuri, kwa hiyo kilo 12 hadi 24 za chakula zitakuwa zimetumika. Familia ilinganishe bei ya chakula hicho na bei ya kilo 12 za samaki sokoni kwao. Pale ambapo pumba zinapatikana nyumbani na maji ni ya mvua, hesabu hukaa vizuri. Pale ambapo kila kitu kinanunuliwa, pengine ni nafuu kununua dagaa na kutumia kiwanja kwa mchicha na kuku. Hakuna aibu katika uamuzi huo.

Faida ambayo haionekani kwenye hesabu ni kwamba samaki hawalazimiki kuvuliwa siku moja. Familia isiyo na friji inaweza kutoa mmoja kila Jumamosi, na kambale 24 wakawa kitoweo cha wiki 24. Kwa mtoto anayeanza kula, kipande kidogo cha uhakika kila wiki ni mwanzo mzuri, kikisindikizwa na dagaa, maharage na mayai katika siku nyingine.

Kabla ya siku ya kuchimba, wanafamilia wote wakae pamoja na kukubaliana nani analisha, nani anafyeka kingo na nani anashika ufunguo wa mlango. Kazi ya kumwangalia mtoto asiende bwawani asiachiwe kaka wa miaka saba wala dada wa miaka tisa. Majirani nao waambiwe mapema, hasa wenye watoto wanaozoea kupita uani. Kama hakuna mtu mzima anayeweza kubeba jukumu hilo kwa sasa, bwawa lisubiri hadi mtoto mdogo akue. Shimo ambalo halijachimbwa halidai chochote.